Choroa na Aliyebaki Nyuma Yake

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma huko sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Mwenye mtoto ampakate. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana ngano hii haipendi kukatizwa njiani.

Zamani, zamani hasa, nchi ilipokuwa bado ya wanyama na binadamu hajaijua njia ya kufika, palikuwa na ziwa lililokauka. Maji yaliondoka, yakabaki magadi. Ukawa uwanja mweupe, mpana, mgumu. Ukikanyaga, kwata! kwata! Kando ya uwanja ule palikuwa na chemchemi moja. Moja tu.

Upande wa mawio waliishi wanyama wa Mikomani. Upande wa machweo waliishi wanyama wa Majabalini. Wote walikunywa chemchemi ile.

Kiangazi kikija, maji hupungua. Maji yakipungua, wanyama hugombana. Waligombana kwa pembe, wakagombana kwa meno, damu ikamwagika juu ya magadi meupe. Mwishowe wakachoka kuzika. Wakasema, "Tusipigane tena. Tucheze."

Wakaanzisha mpira wa magongo. Mpira wenyewe ni tunda la mti wa mkoma, limekauka, gumu kama jiwe. Kila mchezaji analishika gongo lake kwa mdomo. Anapiga, ta! Tunda linateleza juu ya magadi, chwiii! Kila upande una lango lake, vigingi viwili vimechomekwa ardhini. Mwezi ukiandama, wanacheza. Watakaoshinda watakunywa kwanza, tangu alfajiri mpaka jua la utosini, mwezi mzima. Watakaoshindwa watakunywa baadaye.

Mwaka wa mvua, hilo ni jambo dogo. Mwaka wa ukame, wa kwanza anakunywa maji, wa pili anakunywa tope.

Na mwaka huu ninaousimulia ulikuwa wa ukame.

Nahodha wa Mikomani alikuwa Mama Tandala. Hakuwa na pembe, lakini alikuwa na masikio, na aliyatumia. Langoni alikaa Nungunungu. Tunda likija, anageuza mgongo, linanasa kwenye miiba. Mbele ya Nungunungu walisimama walinzi wawili. Mmoja Ngiri, mmoja Choroa.

Ngiri alikuwa mfupi, mnene, uso umejaa vinundu. Hakuwahi kufunga goli maishani mwake. Kazi yake ilikuwa kusimama. Ajaye anakutana naye, puu! Anaanguka yule, Ngiri anakohoa kidogo, hrr, anarudi mahali pake. Hakuna aliyemwimbia.

Choroa alikuwa mrefu. Pembe zake mikuki miwili, shingo imenyooka, mwendo wa maringo. Na huyu, jamani, alijaliwa. Anaokota tunda langoni kwake mwenyewe. Anainua kichwa. Anauona uwanja wote, huyu yuko hapa, yule yuko pale, pale katikati pana nafasi. Kisha anaondoka. Kwata kwata kwata! Anampita wa kwanza. Anampita wa pili. Ta! Goli.

Wanyama wa Mikomani waliojipanga pembeni wakimwona ameinua kichwa tu, huanza kuimba:

Choroa e, nenda!
Nenda, Choroa e, nenda!
Leo tunywe maji,
nenda, Choroa, nenda!

Akaenda. Kila mara akaenda.

Lakini tunda si lako daima. Likimponyoka huko mbele, linarudi. Linarudi kwa mbio, na mahali pa Choroa hapana mtu. Yupo Ngiri peke yake, adui wanamjia wawili, watatu. Hata siku Choroa alipokuwepo nyuma, kukaba hakukujua vizuri. Hakupenda kugongana. Adui akija, yeye hunyoosha gongo, kama anayemwonyesha mgeni njia, na mgeni hupita.

Basi walishinda, naam. Lakini walishinda kwa shida. Wanafunga, wanafungwa, wanafunga, wanafungwa. Mechi ikiisha, Mikomani wote wanamzunguka Choroa, vigelegele lililili! Kule langoni Nungunungu anaokota miiba yake iliyovunjika, na Ngiri amelala ubavu, anahema.

Siku moja, baada ya ushindi wa namna hiyo, Nungunungu alikasirika. Akasema mbele ya wote, "Mama Tandala, huyu Choroa analeta kwa mkono wa kulia, anamwaga kwa mkono wa kushoto. Mimi nimechoka kupigwa."

Nyani alikuwa juu ya mti. Nyani hachezi, Nyani husema. Akasema, "We Nungunungu, bila Choroa ungekuwa unakunywa tope. Nyamaza!"

"Nawe ungekaa langoni hata mara moja, usingesema hivyo."

"Nyamazeni wote," akasema Mama Tandala. Akafikiri. Akasema, "Choroa, mwanangu. Kama unapenda kushambulia, nenda kacheze mbele kabisa. Nyuma tutamweka mwingine."

Wakajaribu. Wakamweka mbele. Choroa akawa si Choroa. Mbele amezingirwa, pembe huku, migongo kule, haoni kitu. Tunda likimfikia anapotea nalo. Akamrudia Mama Tandala, kichwa chini. "Mama, mimi naona nikiwa nyuma. Nikiwa nyuma uwanja wote unakuja machoni. Nikiwa mbele ni kipofu."

Ndiyo ikawa hivyo. Uzuri wake ulikuwa palepale ulipokuwa ubaya wake. Hukuweza kuuchukua mmoja ukauacha mwingine. Mama Tandala akamrudisha nyuma, akamwambia Ngiri, "Mvumilie."

Ngiri akasema, "Namvumilia." Hrr. Akarudi mahali pake.

Jua likazidi. Chemchemi ikapungua mpaka ikawa kama jicho la mgonjwa. Majabalini nao wakaleta mchezaji mpya, Mbuni. Mbuni hana mabega ya kusukuma mtu, lakini akitimua mbio, hata kivuli chake kinabaki nyuma.

Mwezi uliofuata, siku ya mechi yenyewe, asubuhi, Ngiri alimwita Choroa kando. "Mdogo wangu, njoo uone." Akainua mguu. Ukwato ulikuwa umepasuka. Alikuwa amekwenda kuchimba mizizi penye mawe, jiwe likampasua.

Choroa akashtuka. "Dada Ngiri! Mama Tandala anajua?"

"Hajui. Nani mwingine atasimama pale? Wakijua wataogopa, na anayecheza na hofu ameshashindwa. Nimekwambia wewe tu, kwa sababu wewe ndiye uliye karibu nami. Leo siwezi kuziba mahali pako na pangu. Leo kaa nami."

"Dada, leo siondoki."

"Nakusikia," akasema Ngiri.

Mechi ikaanza. Ta! Chwiii! Ko! Na Choroa akakaa. Kweli alikaa, tusimsingizie. Mbuni akaja, Choroa akamsukuma kwa bega, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nungunungu akashangaa huko langoni. Ngiri akachechemea huku na huku, akauma gongo lake, hakulia. Majabalini wakafunga goli moja. Mikomani wakafunga goli moja. Jua likaanza kuteremka. Atakayefunga sasa ndiye atakayekunywa.

Hapo tunda likamfikia Choroa. Akainua kichwa.

Nafasi ilikuwepo. Msije mkasema alikuwa mjinga. Katikati ya uwanja pamefunguka kama mlango, na lango la Majabalini linaonekana kule mwisho, jeupe kwa mwanga. Akasita. Akaukanyaga uwanja kwa mguu mmoja.

Pembeni wakaanza kuimba.

Choroa e, nenda!
Nenda, Choroa e, nenda!

Miguu ikasikia kabla ya kichwa. Akaenda. Kwata kwata kwata! Akampita wa kwanza.

Leo tunywe maji,
nenda, Choroa, nenda!

Akampita wa pili. Ngiri akamwona anaondoka. Atamwitaje, na gongo liko mdomoni? Akaliachia. Likaanguka. Akaita, "Choroa! Rudi! Choroa!" Lakini wimbo ulikuwa mkubwa, na sauti ya Ngiri ni ndogo. Haikufika.

Choroa akapiga. Ta!

Ko! Kigingi.

Upana wa ukucha tu. Lingeingia ndani upana wa ukucha, ngano hii isingekuwepo, na mimi ningewasimulia nyingine, ya shujaa. Lakini liligonga kigingi, likaruka, likamwangukia Mbuni.

Mbuni akatimua. Vuuu! Nyuma hakuna Choroa. Yupo Ngiri, mguu mbovu, gongo chini. Ukitaka kuinama kuokota, Mbuni amepita. Ngiri hakuinama. Alijitupa, mwili mzima, akalala mbele ya njia.

Mbuni hakukusudia. Nalisema hili maana alilisema mwenyewe, tena akilia. Hakuweza kusimama. Mguu wake ukashuka juu ya mgongo wa Ngiri, na wale waliokuwa karibu wakasikia, kwaa! kama fimbo kavu.

Tunda likaendelea lenyewe. Polepole. Nungunungu alikuwa anamtazama Ngiri, hakuliona. Likapita kati ya vigingi.

Wimbo ukakatika.

Wakambeba Ngiri mpaka mlangoni pa shimo lake. Miguu ya nyuma haikusogea tena. Mwezi ule Mikomani walikunywa tope. Wakubwa waliweza. Wadogo hawakuweza. Walikufa mmoja mmoja, na kitinda mimba wa Mama Tandala alikuwa miongoni mwao, ndama wa miguu mirefu aliyekuwa bado hajajifunza kukimbia vizuri.

Wakaitana. Nyani akashuka mtini, jambo la nadra. Akapiga kelele, "Choroa afukuzwe! Ametuua!"

"Afukuzwe!" wakaitikia.

Choroa alikuwa amesimama mbali. Mama Tandala alikuwa na msiba, macho yamevimba. Akauliza taratibu, "Nyani, siku ile uliimba?"

Nyani akakuna kichwa. "Sote tuliimba."

"Hata mimi niliimba," akasema Mama Tandala. "Niliimba, na mimi ndiye nahodha. Sitamfukuza mtu kwa kwenda nilikomtuma. Lakini hatacheza tena."

Hivyo ikawa. Mwezi ukaandama, wakacheza bila Choroa. Nyuma wakaweka walinzi wasioondoka. Walifunga lango kama mtu anavyofunga mlango wa zizi. Adui akija, puu! Adui akija, puu! Lakini wakilipata tunda, hawakujua la kulifanyia. Wanalipiga mbele, ta! linarudi. Wanalipiga, ta! linarudi. Hakuna wa kuinua kichwa. Mchana kutwa tunda lilikuwa langoni kwao, na mlango unaogongwa mchana kutwa, mwisho hufunguka. Goli moja tu. Moja likatosha.

Mwezi mwingine wa tope.

Choroa siku hizo alikuwa na kazi moja. Anakwenda chemchemi zamu yao ikifika, anateka kibuyu, anakitundika penye pembe, anampelekea Ngiri. Siku za mwanzo Ngiri alikunywa bila kusema. Choroa naye akasubiri kibuyu, akaondoka nacho. Siku moja Choroa akashindwa kuvumilia.

"Dada, nitukane basi."

"Nikutukane nini?"

"Nilikwambia siondoki. Nikaondoka."

Ngiri akakohoa. Kukohoa sasa kulimuuma. "Sikiliza, mdogo wangu. Kwenda kwako sikukasirikii. Nafasi niliiona, hata mimi ningekuwa na miguu yako ningekwenda. Na miezi yote ile, maji niliyokunywa ulinipa wewe. Hilo nalijua, hata kama Nungunungu halijui."

"Basi unakasirikia nini?"

"Hukutazama nyuma. Ungetazama mara moja tu, ungeniona nachechemea. Ungeniona, kisha ukaenda, ningesema ameamua. Lakini hukuniona. Miaka yote hukuniona. Ulidhani nyuma yako pana ukuta. Nilikuwa mimi."

Choroa akainamisha kichwa mpaka pembe zikagusa udongo. Akalia. Ngiri akamwacha alie, hakumnyamazisha.

Mwezi wa tatu ulipokaribia kuandama, Mama Tandala akamjia Choroa.

"Utacheza," akasema.

"Mama, sichezi. Sina wa kumwachia nyuma."

"Mtoto wangu amekufa kwa kiu, Choroa. Sikuja kukubembeleza. Nimekuja kukuuliza. Tukikuweka, lango liko wazi. Tukikutoa, lango la wenzetu halifunguki. Ukiondoka wewe, nani akae?"

"Sijui, mama."

"Mimi nitakaa. Kila ukiondoka, mimi nitarudi nyuma, nisimame mahali pako. Nitaacha kazi yangu ya mbele. Lakini lazima unitazame kwanza. Usipoyaona macho yangu, usiende, hata nafasi iwe pana kama uwanja."

Siku ya mechi akawaendea wale wa pembeni. "Na ninyi. Asiimbe mtu leo. Nasema asiimbe mtu." Nyani akafungua mdomo. Akaufumba.

Wakacheza kimya. Ilikuwa ajabu kusikia mechi bila wimbo, kwato tu na magongo. Tunda likamjia Choroa, akainua kichwa, nafasi ipo. Akageuka. Mama Tandala yuko mbali. Hakwenda. Likamjia tena, akageuka. Mama Tandala amekabwa. Hakwenda. Nafasi nzuri kabisa zikafunguka zikafumba, naye anazitazama, na ilimuuma, jamani, kama mwenye njaa anayepita penye chungu. Mbuni akaja, Choroa akagongana naye. Akaanguka, akainuka.

Jua likateremka. Tunda likamjia. Akageuka. Mama Tandala alikuwa pale pale nyuma yake, gongo mdomoni, macho mekundu, anamtazama.

Akaenda.

Kwata kwata kwata! Hakuna aliyeimba. Akampita wa kwanza. Akampita wa pili. Ta!

Goli.

Mechi ikaisha hivyo, goli moja kwa bila. Alfajiri ya siku iliyofuata Mikomani wakawa wa kwanza chemchemini. Maji yalikuwa kidogo lakini yalikuwa meupe, unaona mchanga chini. Choroa hakunywa. Akateka, akatundika kibuyu penye pembe, akaondoka mbio, maji yanamwagikia shingo, hakujali.

Ngiri alikuwa pale mlangoni pa shimo, amekonda, ngozi imelegea. Choroa akamwinamishia kibuyu. Akanywa kidogo. Akayaacha yakae mdomoni kabla ya kumeza.

Hakuuliza nani kashinda. Aliuliza, "Ulitazama?"

"Nilitazama, dada."

"Ulimwona nani?"

"Mama Tandala."

"Alikuwa anakutazama?"

"Alikuwa ananitazama."

"Vizuri," akasema Ngiri. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nakutazama kila siku." Si kwa kulaumu. Kama mtu anayesema kwamba mvua ilinyesha mwaka juzi.

Akaomba asogezwe kivulini. Choroa akamsogeza. Jua lilipofika utosini, zamu ya Mikomani ilipokwisha kule chemchemini, Ngiri alikuwa ameshakufa. Choroa alikuwa amesimama kati yake na jua.

Walimzika mlangoni pa shimo lake. Wote walikuja. Hata Mbuni alivuka uwanja akaja, akasimama nyuma, shingo ameikunja. Walipomaliza, wakatafuta wimbo wa kumwimbia. Wakatafuta. Wakatazamana. Hapakuwa na wimbo wa Ngiri. Hakuna aliyewahi kuutunga, na siku ile kila aliyejaribu kuanza alikwama.

Nyani akamwuliza Mama Tandala kwa sauti ndogo, "Mama, kwani Choroa ni mchezaji mzuri au ni mchezaji mbaya?"

Mama Tandala akasema, "Sisi tulimpima vibaya. Tulihesabu aliyotuletea, tukamwachia Ngiri alipe alichokiacha wazi."

Choroa aliendelea kucheza mpaka miguu ilipochoka, na aliwafungia magoli mengi. Lakini waliokaa naye wanasema hakuna siku aliyoshangilia. Akifunga, hugeuka kwanza nyuma, atazame kama aliyebaki bado amesimama. Na mara zote, kabla hajarudi, macho yake hukaa kidogo pale mahali alipokuwa akisimama Ngiri.

Watoto, na ninyi watu wazima mliojifanya mmelala, mafunzo ni haya: kila kipaji kina pengo lake, na pengo hilo lazima mtu alizibe. Ukifaidi kipaji cha mwenzio, usiimbe tu, jua ni nani anayeumia langoni. Nawe uliyejaliwa, tazama nyuma kabla ya kwenda, maana usichokiona nyuma yako si ukuta, ni mtu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mimi nimeitua, ninyi ibebeni.